Mchele wa Msiba wa Muaz

Mtaa wa Swahili, Kariakoo,
Dar es Salaam.
9 Februari 2025

Mpendwa kaka Ubeid,

Shikamoo. Hali zenu huko Maskati, wewe, wifi na watoto? Sisi tu wazima, alhamdulillahi. Mama miguu inamsumbua, lakini ulimi haujambo kabisa.

Duka la Gerezani tumelifungua tena. Shemeji yako Hussam anauza spea peke yake na kulalamika kwa niaba ya watu wawili.

Sasa kesi ya mdogo wetu. Unajua Muaz alikwenda mgodini kupeleka spea za pampu, akawakuta wanakijiji getini wakilalamikia maji yao yaliyoharibiwa, na risasi za walinzi hazikuchagua. Wanakijiji wawili walikufa pamoja naye. Tumeungana na familia zao na wakili wetu ni mmoja, dada anaitwa Rachel.

Kuna jambo hatukukwambia kwenye simu. Siku ya pili ya msiba walikuja watu wa kampuni na magunia ya mchele, mafuta na sukari. Mama alipokea. Msibani hafukuzwi mtu, na mkono wa pole haurudishwi. Tukapika, nao wakaketi jamvini wakala. Mmoja wao alipiga picha.

Juzi wametuita ofisini kwao wakaiweka picha ile mezani, Mama ameshika gunia. Wakasema familia yetu ilishapatana nao, kwa hiyo hatuna tunachowadai. Mimi nikanyanyua mkoba tuondoke. Mama hakunyanyuka.

"Wali ule mlikula na nyinyi," aliwaambia. "Mbona mlipokuwa mnatafuna hamkusema kuwa ndiyo bei ya mwanangu?"

Rachel anasema kesi inaendelea, na kwa kuwa Mama amekataa kutia sahihi karatasi yao ya suluhu, sasa watu wa kampuni wanamtafuta mtoto mkubwa wa kiume. Yaani wewe. Ukikubali, tumewaacha wale wenzetu wa kijijini peke yao, nami sitakuwa na uso wa kuwatazama.

Wakibisha hodi kwako, wakaribishe, wape kahawa na halua mpaka watosheke. Lakini walichokuja nacho mkononi, hata kama ni tende moja, waondoke nacho.

Hussam anakusalimu, na shangazi Mauza wa Magomeni anawabusu watoto. Mama hakutuma salamu. Amesema tu nikuandikie kwamba wa kiume amebakiwa na wewe peke yako, na kwamba hata wewe hakuuzi.

Mola akuhifadhi.

Dada yako akupendaye,
Shaima