Mistari ya Chaki Mlangoni

Jumanne jioni, Agosti 1955

Nilijua tu kuna mtu ananiwinda. Alfajiri nimefungua mlango wa chumba, nikakuta mistari myeupe imechorwa sakafuni, mmoja baada ya mwingine, mpaka barazani penye cherehani yangu. Nikamfikiria yule mpangaji wa chumba cha uani, asiyenisalimu tangu tugombane. Uchawi huu, nikasema. Sikanyagi.

Nikainua mguu juu, nikauvuka mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu. Nilipofika kwenye cherehani ndipo nilipozinduka: miguu haikuganda mlangoni, kama inavyoganda kila siku tangu maradhi haya ya kutetemeka yanishike.

Mke wangu Zuhura alikuwa nyuma yangu, anacheka. "Bwana, chaki ni yako mwenyewe ya kukatia nguo. Yule dresa wa hospitali ndiye aliyenielekeza. Ni mazoezi."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia, ungeyafanya?"

Nisingeyafanya. Dresa yule, mfunga vidonda tu, simwamini; ananiinuisha magoti kama askari.

Basi leo nimepita hapo mara nne. Nimefurahi, sikatai. Lakini mke anayeweza kunyamaza hivyo...

Mwezi mzima najisifu kwamba mkono unapona, maana nguo ninazozishona na kuziacha jioni, asubuhi nazikuta mishono imenyooka. Sasa hivi nimeisogeza kanzu ya jana karibu na taa, nikaikagua.

Uzi ni wangu. Mkono si wangu.