CD ya Mjomba na ndege wa Bibi

Ijumaa, baada ya swala. Mvua imekata, bati la duka linalia tik, tik kwa jua.

Hili sijamwambia mtu, hata mama, hata humu bloguni ambako hakuna anayenijua: namdharau Mjomba Shamte. Ananilisha, ananipa pa kulala, kanipa kiti kwenye steshenari yake hapa Kibiti nikisubiri matokeo ya kidato cha nne. Nami kila akifungua mdomo kuhusu kompyuta natamani kucheka mpaka nidondoke. Sicheki. Nainamisha kichwa, nasema "ndiyo, Mjomba", naendelea kuchapa barua za watu.

Na haya zangu hizi, za kuinama tu, nazidharau kuliko ninavyomdharau yeye.

Wiki iliyopita alirudi kutoka Dar na mwanawe Rashidi na CD mpya ya mfumo wa kompyuta. Huko madukani zipo za aina mbili. Ipo full, inayoanzisha mfumo kwenye mashine isiyo na kitu. Na ipo upgrade, inayopandisha mfumo ambao tayari upo, isipoukuta, haisogei. Ndiyo maana bei yake nafuu. Mjomba alinunua upgrade, akapita nayo mtaani kama bwana harusi.

"Full ni ya anayeanza na sifuri," aliwatambia wateja waliokaa kwenye benchi. "Sisi tulishaanza zamani. Sisi tunapanda!"

Hapo alisema kweli tupu. Kilichonishinda ni kwamba, baada ya kusema hivyo, aliamua kwanza kurudi sifuri.

Asubuhi hiyohiyo CD ya mfumo wa zamani aliipeleka kijijini Mkongo kwa Bibi, mama yake, akaitundika kwa uzi katikati ya mpunga ing'ae itishe ndege. Kazi yake imekwisha, alisema. Halafu, kwa kuwa kwetu kitu kipya hakiingii ndani kabla hapajafagiliwa, akafukiza ubani, akapangusa meza, akamwambia Rashidi aisafishe kompyuta "mpaka tumboni". Rashidi anajiita injinia kwa sababu alikuwa akishinda kwenye internet kafe ya rafiki yake. Akavua miwani ya jua, akajiweka tayari kufuta kila kitu.

Mimi kasha la CD mpya nilikuwa nimelisoma. Kiingereza cha darasani tu, wala si kigumu.

"Mjomba, ya zamani isifutwe," nilisema. "Hii mpya inaitafuta kwanza."

Nilisema kwa sauti ambayo hata nzi asingeshtuka. Lakini nilisema.

"Mwanaidi, mgeni unamtandikia shuka chafu?" Mjomba akauliza.

"Dogo, tulia," Rashidi akadakia. "Huu si mtihani wa Kiingereza."

Benchi zima likacheka. Rashidi akafuta. Barua za watu, mikataba ya mashamba, kadi za harusi, vyote. CD mpya ikaingia, ikazunguka, ikaandika kwa adabu kabisa: sioni mfumo wa zamani, tafadhali weka CD yake niihakiki. Rashidi akabonyeza tena na tena, kama mtu anayepiga hodi kwenye nyumba iliyohamwa.

"Mshua, umeuziwa CD mbovu."

"Hapa pana mkono wa mtu," akasema Mjomba, akiikazia macho benchi.

Mkono wa mtu! Mkono si huo hapo wa Rashidi, na saa yake ya dhahabu bandia.

Wao walibaki wakibishana kuhusu husuda. Mimi nikaenda Mkongo.

Bibi alikuwa juu ya dungu lake, kichanja cha kulindia shamba, anapiga debe na kuwatukana ndege kwa Kindengereko. Aliposikia nimefuata nini alishuka ngazi kwa hasira.

"Asubuhi mnanipa, mchana mnanipokonya? Haya, nani atawaamia hawa, nani atawafukuza?"

Akakata uzi.

"Chukua. Ila mwambie Shamte, kama hii hairudi, nakutaka wewe, Mwanaidi, uje uamie."

Niliiosha kwa sabuni, nikaifuta taratibu kutoka katikati kwenda pembeni. Ilikuwa na mikwaruzo miwili mitatu. Kompyuta ikaisoma, ikaridhika, ikaomba irudishiwe ile mpya. Jioni mashine ikawaka.

"Si nilisema?" Mjomba akawatangazia. "Usafi!" Akampiga Rashidi begani. Mimi nilikuwa nyuma yao na sahani ya maji ya sabuni.

Sasa CD ya zamani ameifunga kwa kitambaa cheupe, imo kabatini, ufunguo anao shingoni. Na jana tukiwa kwenye chakula akasema, "Mwanaidi, keshokutwa utakwenda Mkongo ukamsaidie Bibi yako kuamia ndege mpaka mavuno. Kwenye mashine atakaa Rashidi."

"Ndiyo, Mjomba."

Ndiyo! Yaani imetunguliwa CD, natundikwa mimi. Na kiti hiki, mahali pekee duniani ambapo nikisema neno linaonekana, anakikalia yule aliyefuta.

Sitaki kwenda. Bibi nampenda, lakini sitaki. Na dawa yake iko chini ya kitanda cha Rashidi: boksi zima la CD za muziki zilizochubuka, hazipigi tena. Zitundikwe hizo. Ndege hawaulizi kama ni full au upgrade. Nimeufanyia mazoezi msemo huu tangu alfajiri, kichwani umenyooka, nikimwona Mjomba unayeyuka.

Nasikia kandambili zake uani. Anatoka msikitini. Siku zote hapa ndipo ninapoufunika ukurasa huu kwa barua ya mteja yeyote, kisha najifanya natafuta herufi.

Anakohoa. Anavua kandambili mlangoni.

Sijaufunika. Nimeongeza ukubwa wa maandishi.