Multa ya Carrinha ya Mama

Palma, Cabo Delgado
Jumatano, 14 Mei 2025

Mpendwa Kaka Mshamu,

Shikamoo. Salamu nyingi kwako, kwa Wifi Nadia na kwa watoto wote hapo Tanga. Mgongo wako vipi? Na yule mdogo, homa imemwachia? Sisi huku wazima, alhamdulillahi. Tunakula, tunalala, mvua zimekatika na mihogo imekubali. Mama amesema salamu zake zitangulie zangu, kwa hiyo zihesabu hivyo. Mguu wake wa kushoto bado unavimba jioni, ila ulimi hauvimbi, unamjua mwenyewe.

Barua hii kaiamuru yeye. Nilimwambia tumpigie Mshamu simu, akasema maneno ya simu yanapotea, andika kwa mkono. Nami nimeshukuru, maana yaliyonijaa kifuani miezi hii hayaenei kwenye simu, na mtandao wa huku unaujua ulivyo. Ataileta Kurwa muuza vitenge, anavuka Rovuma kesho.

Ni ile multa ya carrinha, faini ya kile kigari chetu cha mizigo. Najua utasema, Haula, bado tu? Bado, kaka. Na kwa kuwa ulinitumia pesa na ujumbe wa maneno matatu, "Lipa tu yaishe", leo utakaa kitako usome yote toka mwanzo. Hukuwahi hata kuuliza jambo lenyewe lilianzaje.

Unaukumbuka ule uwanja wazi kando ya njia ya makaburini, tulipokuwa tukianika mihogo tukiwa wadogo. Tangu watu waliporudi mjini kutoka ukimbizini umekodishwa. Imekuja kampuni moja, ikapanga mawe, ikayapaka chokaa, ikazungushia kamba, ikaweka kibao na mlinzi. Sasa ni mahali pa kuegesha magari kwa malipo. Vumbi tupu, hakuna hata kivuli! Msimamizi wao anaitwa senhor Aurélio, bwana wa shati lililopigwa pasi na tabasamu la kukutoa roho.

Basi mwezi wa pili akafariki Mzee Chamsudine, yule aliyetusomesha Kurani sote. Siku ya mazishi mwanangu Jamaldine alikuwa anatoka sokoni na carrinha, ameshusha mchele wangu. Akakutana na jeneza njiani. Wewe ni mtu wa huku, huna haja ya kuelezwa. Akasimama, akashuka, akaenda kutia bega. Na ufunguo akauacha garini, kama wafanyavyo wote, ili gari likiziba njia mtu alisogeze. Kweli likaziba, na mtu mwema akalisogeza. Akalisogeza ndani ya kamba.

Jamaldine anarudi kutoka kuzika, mikono ina udongo, anakuta mnyororo kwenye gurudumu na karatasi kwenye kioo. Gari limeegeshwa bila kulipiwa, kwa hiyo multa. Mnyororo waliufungua baada ya kunakili jina lililo kwenye hati ya gari. Na hati ina jina la nani? Carrinha ile tuliinunua kwa minazi ya Mama, shamba zima lilikwenda, kwa hiyo jina ni lake.

Nikaenda mwenyewe kwa Aurélio, kwa adabu zangu zote, nimevaa buibui jipya. Nikamweleza kwamba kijana alikuwa mazikoni, na gari hakuliingiza yeye. Akatabasamu. Akasema gari halijui msiba, likiingia limeingia. Tukapeleka malalamiko kwa maandishi, Jamaldine kayaandika kwa Kireno safi, mashahidi wakatia saini. Tukangoja, tukangoja. Jibu likaja kwamba ombi halikukubaliwa. Sababu? Hakuna. Ala!

Na wakati tunangoja, multa inanenepa. Ilianza bei ya kuku wawili. Ikawa bei ya mbuzi. Nikiuliza kwa nini, naambiwa ni adhabu ya kuchelewa. Nikiuliza nimechelewa vipi na ninyi ndio mliochelewa kunijibu, naoneshwa meno. Ilipofika bei ya ng'ombe nikaacha kuuliza, maana nilikuwa naumwa kichwa bure.

Mwisho wakalikabidhi deni lao kwa wakusanya madeni wa Pemba, hii ya huku kwetu. Aliyetumwa kwetu anaitwa Sadique, kijana wa Kimwani, mrefu, miwani myeusi, simu mbili mkononi. Huyu ndiye aliyenipandisha mori. Alikuja siku ya Ijumaa, watu wanatoka msikitini, akasimama mbele ya baraza yetu akaita kwa sauti, "Awa Sualehe! Awa Sualehe anadaiwa!" Jina la Mama hivyo hivyo, bila hodi, bila hata kumwita Bi, kama anaita mbuzi wake. Nilimfukuza kwa maneno ambayo siyaandiki hapa, kwa sababu Mama atataka asomewe barua kabla haijafungwa.

Lakini Mama alikuwa ameshasikia, na toka siku ile nyumba haikukalika. Unajua alivyo na deni. Mwanamke huyu akiazima chumvi kwa jirani huirudisha kabla chungu hakijaepuliwa. Akaanza kuniuliza, "Haula, nikifa leo, Sheikh akisimama mbele ya jeneza langu akauliza nani anamdai marehemu, yule wa miwani si atanyoosha mkono?" Asubuhi swali hilo, jioni swali hilo. Chai haigusi, uji anauchungulia tu. Nikimwambia Mama hudaiwi, hawa ni wezi wa kalamu, ananiambia, "Mwizi naye akisema mbele ya watu, watu wamesikia."

Kisha nikawa nafua, nikaona suruali ya Jamaldine nzito mfukoni. Nikatoa kitambaa. Ndani yake vikuku vya Mama vya fedha, vile alivyoachiwa na Bibi. Kampa kijana kwa siri akauze, alipe. Kaka, nilikaa chini pale penye beseni nikalia kwa hasira, sabuni mpaka viwikoni.

Kwa hiyo ulipoandika "Lipa tu", nilitamani kukurushia simu huko Tanga. Nikilipa, nimekiri kwamba Mama anadaiwa. Nisipolipa, Mama hali. Na Sadique ameshatuma neno kwamba Jumanne anakuja kuichukua carrinha. Wewe ungekuwa mimi ungefanya nini? Usijibu.

Jumanne hiyo ni jana. Nilikaa barazani tangu asubuhi, kibwebwe kiunoni, namngoja. Hakuja. Alasiri nikasikia tahlili, wanapita na jeneza la mama yake fundi cherehani wa mtaa wa pili. Nikatoka na wanawake wenzangu, tukaenda mpaka pale njia ya makaburini inapoanzia, tukasimama kandoni. Na ninaona nini? Gari jeupe jipya katikati ya njia, mlango wazi, ufunguo unaning'inia. Na mwenyewe Sadique, miwani kavua, yumo chini ya jeneza, katia bega. Alikuwa njiani kuja kwetu kuchukua gari letu! Hapo namsifu, sitaki kusema uongo. Mtoto wa pwani aliona jeneza, akashuka.

Sasa gari lile limeziba njia yote, watu wanapita ubavuubavu. Nakuapia, kaka, mimi sikuligusa. Nilisema tu, "Jamani, si mlisogeze watu wapite?" Kulisogeza wapi sikusema. Kama Jamaldine aliona nafasi ya karibu ni ndani ya kamba, hilo utamuuliza yeye.

Mlinzi wa pale ni mpya, Sadique hamjui wala gari lake halijui. Vumbi halijatua, mnyororo umeshafungwa na karatasi iko kiooni. Mimi nikakaa juu ya jiwe moja la chokaa nikangoja. Sijawahi kuwa na subira namna ile tangu nizaliwe.

Wakarudi kutoka kuzika, kundi zima, Sheikh akiwa mbele. Sadique akauona mnyororo. Wee! Aliruka kama kakanyaga kaa la moto. "Nilikuwa mazikoni mimi! Gari sikuliingiza mimi! Ninyi hamna utu?" Neno kwa neno, kaka, kama aliyesoma malalamiko yetu usiku kucha. Aurélio akatoka mbio. Kuona ni mtu wao, tabasamu likamkauka, akaanza kuomba radhi na kumhimiza mlinzi afungue upesi.

Nikaushika ule mnyororo kwa mikono miwili. Nikasema, "Hafungui mtu hapa. Senhor Aurélio, uliniambia gari halijui msiba. Hili la huyu limejulia wapi? Kama msiba ni udhuru kwake, basi ni udhuru kwa mama yangu." Watu wakacheka, kisha wakaacha kucheka. Sheikh akamwuliza Aurélio, taratibu kabisa, kama ana jawabu. Alitazama shati lake.

Sadique akanitazama mimi, akatazama mikono yake. Ilikuwa na udongo wa kaburi mpaka kwenye saa. Nilidhani atanitukana. Akageuka akamwambia Aurélio, "Zifute. Zote mbili." Na zikafutwa palepale, kwa karatasi, na nikamwambia aweke na muhuri, kisha nikamwambia auweke tena kwa sababu wa kwanza ulififia.

Unadhani niliridhika? Karatasi ya Kireno itamfaa nini Mama? Nikamwambia Sadique, pale ulipotangaza kwamba anadaiwa, utasimama palepale utangaze kwamba hadaiwi. Akanifuata kwa miguu. Safari hii alibisha hodi. Akavua viatu, akasema kwa sauti ileile ya Ijumaa, "Bi Awa binti Sualehe hadaiwi na mtu!" Mama akatoka na mkongojo wake, akasema, "Rudia mwanangu, sikusikia vizuri." Alisikia, kaka, masikio yake yanapita yangu. Akarudia. Mama akasema, "Na wale wa nyumba ya pembeni je?" Akarudia tena, jasho linamtoka, na wale wa nyumba ya pembeni walishatoka nje zamani.

Kisha Mama akamsamehe. Akamkaribisha jamvini. Akanigeukia, "Haula, mgeni hajala." Mimi! Nimpikie Sadique! Hasira za miezi yote nikaenda kuzimalizia kwenye mbuzi ya kukunia nazi. Alikula sahani mbili, na Mama alikula naye, sahani nzima, mpaka akakwangua.

Pesa ulizotuma za kulipia multa nimemnunulia Mama godoro. Usiniulize. Vikuku viko mkononi mwake, na carrinha asubuhi hii imekwenda Quionga kuchukua mihogo.

Jana usiku Mama alilala bila kuniita hata mara moja. Alfajiri ndipo aliponiambia nikuandikie. Anasema wewe ndiye mwanawe mkubwa. Siku yake ikifika, ni wewe utakayesimama kando ya jeneza lake kujibu watu wakiulizwa, na Tanga ni mbali, mtu anaweza kukufikishia maneno ya Ijumaa ile asikufikishie ya jana. Anataka uwe nayo mkononi. Nilimwambia Mama, acha mambo hayo, bado upo sana. Akasema, "Nipo, lakini andika." Kwa hiyo barua hii uiweke, usiitupe kwenye droo ya bili kama kawaida yako. Nilipoanza kuandika nilitaka kukugombeza tu. Sasa naandika polepole, kila herufi isomeke.

Nisalimie Wifi Nadia sana, mwambie ile dawa ya mgongo akukande yeye, usijikande mwenyewe. Msalimie Shangazi Nazira na wote wa nyumbani kwake. Jamaldine anakuamkia, na anasema alipaona pale tu ndipo penye nafasi. Mungu akupe afya, akupanulie rizki, na akulinde na kila abishaye mlango kwa ubaya.

Mstari wa mwisho si wangu. Ninakunakilia hapa alichoandika Mama nyuma ya karatasi, kwa herufi zile za Kiarabu alizosoma chuoni, maana najua wewe umeshazisahau.

Mimi dada yako, nikupendaye hata ukinikera,
Haula

Mshamu mwanangu, sidaiwi. Siku hiyo wakiuliza, usiangalie chini. Mama yako, Awa.