Mikono Kumi ya Wanjala

Norway, Septemba 2006

Dada yangu Nekesa,

Nakusalimu wewe pamoja na wote wanaoota moto wa jiko lako. Mgongo unaendeleaje? Mara ya mwisho kwenye simu ulisema kuinama kupalilia si shida, shida ni kuinuka. Mpe Simiyu jembe, wewe ukae kivulini utoe maagizo. Nadhani huko Matulo mmekwisha kuvuna, na kule Kitale mahindi bado yamesimama yakikauka. Miaka yote niliyokaa huku sijaacha kuhesabu mwaka kwa mahindi, ingawa hapa hawapandi hata shina moja.

Mimi ni mzima. Goti la kushoto lina siku zake, lakini natembea hadi maktaba na kurudi bila fimbo. Binti yangu Ruth anafanya kazi zamu za mchana sasa, kwa hiyo jioni tunakula pamoja. Amejifunza kusonga ugali wa unga wa hapa, ambao ni laini kama poda ya mtoto. Tunaula tu na hatusemi kitu.

Nilipata ujumbe wenu kupitia kwa Simiyu. Nimeelewa kwamba wazee wamekaa, na wamesema ndugu yetu Wanjala amepotea miaka kumi na minne sasa, na kwamba mambo ya Simiyu ya kuoa hayatanyooka kama baba yake hajalazwa. Kwa hiyo Desemba mkate mgomba, muuvishe koti lake, muuzike mahali pake kama desturi inavyotaka kwa mtu ambaye mwili wake haukuonekana. Mnangoja neno langu kwa sababu mimi ndiye mkubwa. Neno langu ni hili: msikate mgomba bado.

Sikutaka kulisema kwa simu. Simu ya Simiyu huishiwa na chaji mtu akifika kwenye jambo lenyewe. Tena jambo hili linataka watu wakae. Nakuomba uisome barua hii mbele ya shemeji yetu Nafula, mke wa Wanjala, mbele ya Simiyu, na mbele ya wale wazee waliotoa shauri. Usiruke mahali, hata pale utakapoona haya kwa ajili yangu.

Mwezi wa saba niliazima kitabu maktabani. Kimeandikwa na mtaalamu wa viumbe wa baharini, kwa ajili ya watu wa kawaida kama mimi, na chote kinahusu mnyama mmoja: ngisi mkubwa wa kilindini. Wewe hujawahi kumwona ngisi, na hata mimi nilifundisha habari za pweza darasani miaka thelathini bila kumwona yeyote kati yao. Ni jamaa wawili. Pweza ana mikono minane. Ngisi ana minane, halafu ana mingine miwili mirefu sana, ambayo huirusha kushika chakula. Jumla ni kumi. Huyu mkubwa, ukimlaza chini akiwa amenyooka na mikono yake yote, atatoka mlangoni pako hadi kwenye zizi. Jicho lake ni kama sahani ya kulia wali. Ana mioyo mitatu. Mdomo wake umepinda kama wa kasuku, na ubongo wake umezunguka njia ya chakula kama ngata ile mama aliyojitwikia mtungi, kwa hiyo ni lazima akate chakula vipande vidogo, asije akaumiza akili zake kwa tonge moja kubwa. Nilicheka niliposoma hapo. Nimewajua watu wa namna hiyo.

Nikafika ukurasa unaoeleza nyama yake. Kitabu kinasema haifai kuliwa, kwa sababu imejaa amonia. Ndiyo inayomfanya awe mwepesi, aelee kule chini bila kuchoka. Ukiipika inanuka kama mkojo.

Nekesa, nilifunga kitabu. Ruth aliniuliza kama nimeona kizunguzungu. Nilimwambia, "Hapana, nimemwona baba yako mdogo."

Wewe unakumbuka, lakini Simiyu alikuwa mdogo, basi nitaeleza. Wanjala alifanya kazi ya sitaha kwenye meli ya wageni ya kuvua samaki kwa nyavu kubwa, miaka miwili, huko kusini kabisa mwa Afrika. Aliporudi ulikuwa mwaka wa tohara, na kwa mjomba wetu kulikuwa na sherehe. Wazee walikuwa wameuzunguka mtungi wa pombe ya busaa na mirija yao, mimi nikiwa pembeni na chai yangu. Wanjala akasimulia kwamba usiku mmoja wavu ulileta mnyama ambaye hata nahodha hakumjua. Akataja jicho. Akataja mdomo wa kasuku. Akasema mpishi alikaanga kipande, kila aliyeonja akatema, maana kilikuwa kama mkojo wa mbuzi uliolala zizini.

Mzee mmoja akamuuliza, "Sasa Wanjala, wewe ulikula mnyama ama ulikula zizi?" Watu wakashika mbavu kwa kucheka. Kisha wakanigeukia mimi, mwalimu mkuu, mwenye kabati la vitabu. Wakataka niamue.

Nilichukua kijiti nikachora pweza mavumbini, kama alivyo kwenye kitabu cha darasa la sita. Nikamuuliza mnyama wake alikuwa na mikono mingapi.

"Kumi," akasema. "Minane mifupi, miwili mirefu. Nilihesabu."

"Pweza ana minane. Hesabu tena."

"Basi huyo si pweza, mwalimu. Jina lake mimi silijui. Lakini ilikuwa kumi."

Ninyi nyote mlisikia. Alisema kwa kinywa chake kwamba huyo si pweza. Hiyo ndiyo ilikuwa elimu yenyewe, na mwalimu mzima hakuisikia. Nilimwambia mbele ya watu kwamba mtu akitaka kudanganya ajifunze hesabu kwanza. Tangu siku hiyo akaitwa Kumi. Watoto walimwita Kumi akipita na baiskeli. Wakubwa walimwuliza asubuhi kama ameamka na mikono mingapi. Yeye alikuwa akijibu, "Ni ileile," na kuendelea na safari yake. Kila alichosema baada ya hapo, awe anasema mvua inakuja au bei ya mahindi soko la Moi's Bridge imepanda, watu walikipunguza kwanza kabla ya kukiamini. Mimi ndiye niliyewafundisha kupunguza.

Sasa naingia mahali pagumu. Soma polepole.

Vita vya mashamba vilipotutoa kule Trans-Nzoia, Wanjala na mimi tulikimbilia uwanja wa kanisa pale Kitale, tukalala chini ya turubai moja. Nafula na watoto walikuwa wamekwisha kutangulia Matulo. Asubuhi ya siku ya tatu Wanjala aliamka, akafunga viatu, akaniambia hawezi kukaa akigawiwa uji kama mfungwa. Alisema anavuka mlima upande wa Uganda, kwa rafiki aliyefanya naye kazi melini, Mgisu wa huko mlimani mwenye shamba la kahawa, ng'ambo ya mpaka pale Lwakhakha. Akipata mahali pa kulima atatuma neno.

Akasema, "Kaka, ukinikosa, uliza Mafabi wa meli. Sokoni kwa kahawa wanamjua."

Jirani yetu wa turubai akadakia, "Mgisu na bahari, wapi na wapi? Kumi bana, hata leo?" Nami nilicheka. Tulikuwa tumepoteza nyumba, na nilikuwa na njaa ya kucheka. Wanjala alinitazama kidogo, akaenda zake. Sikumsindikiza hata hadi lango.

Wiki mbili baadaye Nafula alikuja Kitale kumtafuta mumewe. Aliniuliza alisema anakwenda wapi. Nilimjibu, "Hakusema la maana."

Hayo ndiyo maneno yangu, Nafula. Sikuficha kwa ubaya. Niliamini kweli kwamba hakusema la maana, kwa kuwa aliyesema alikuwa Kumi. Ukaenda Moi's Bridge ukauliza kwenye maghala. Ukaenda Eldoret. Ukaenda hospitali na mochari. Miaka yote hiyo ukienda upande ambao yeye hakuutaja, kwa neno langu. Shemeji, sina maneno ya kuosha hilo. Ningeweza kulinyamazia hadi kaburini na hakuna ambaye angejua. Nimelisema kwa sababu bado linaweza kurekebishwa.

Nirudi kwenye kitabu, maana hapo ndipo pana njia. Ngisi huyu watu walimjua kwa maiti tu. Bahari ilimtupa ufukweni akiwa ameoza, au walikuta midomo yake ndani ya tumbo la nyangumi, na kwenye ngozi ya nyangumi wakaona alama za mviringo, kwa kuwa vikombe vya kunatia kwenye mikono yake vina meno. Mabaharia waliosema wamemwona waliitwa walevi na waongo, na waliowaita hivyo walikuwa watu wenye makabati ya vitabu. Juzi juzi tu ndipo wataalamu wa Japani walipompiga picha akiwa hai, kilindini kwake. Walifanyaje? Hawakuzunguka bahari nzima wakimtafuta ngisi. Walikwenda mahali ambapo nyangumi hula, wakashusha kamera na chambo hapo, wakangoja. Walimfuata anayejua.

Sisi tumefanya kinyume. Tumemtafuta Wanjala kila mahali, na Mafabi hatujamuuliza hata mara moja. Mafabi hana sababu ya kujificha. Mgisu aliyefanya kazi melini hawezi kuwa na wenzake wengi kule mlimani. Ni mtu wa kukumbukwa, kama Wanjala alivyokumbukwa kwetu, ila natumaini wao walimkumbuka kwa uzuri.

Kwa ngisi, wataalamu walikuwa na mwili wake, hawakuwa na maisha yake. Sisi tuna maisha ya Wanjala, hatuna mwili, na tunataka kujitengenezea mwili kwa mgomba. Siidharau desturi. Baba alituzikia babu mdogo kwa mgomba huo huo, na watu wakalala usingizi. Lakini mgomba ni wa mtu aliyetafutwa hadi njia zikaisha. Wanjala amebakiwa na njia moja, na ndiyo aliyoitaja mwenyewe.

Mzee mmoja atasema, kama angekuwa hai angetuma neno. Nami nimejiuliza hilo siku nyingi. Huenda alikufa. Huenda pia alikaa kule mwaka wa kwanza na wa pili akitazama barabara, akaona hakuna mtu wa kwao aliyekuja kuuliza sokoni, ilhali aliacha maelekezo kamili kwa kaka yake. Wewe ungefikiri nini? Ungefikiri hawakutaki.

Lakini najua jambo moja, na nalijua bila kusitasita. Mwanamume aliyesimama mbele ya ukoo mzima, mwalimu akimwambia minane, akakataa kupunguza hata mkono mmoja ili apate amani, huyo hakuniachia neno la kubuni asubuhi ile Kitale. Kama alisema Mafabi, basi Mafabi yupo. Kama alisema soko la kahawa, alifika huko au alifia njiani akielekea huko.

Kwa hiyo fanyeni hivi. Simiyu aende, na asiende peke yake. Aende na wewe, Nekesa, kama mgongo utakubali, kwa sababu una uso wa Wanjala, na mtu aliyemjua atakutambua kabla hujafungua mdomo. Pitieni Chwele hadi Lwakhakha, mvuke asubuhi, muanzie kwa wanaonunua kahawa. Msiulize habari za mtu aliyepotea. Watu huogopa maswali ya namna hiyo. Ulizeni nyumbani kwa Mafabi aliyefanya kazi melini. Kama Mafabi amekufa, ulizeni watoto wake. Mkionyeshwa kaburi, tutamleta ndugu yetu nyumbani tumlaze sisi wenyewe. Mkikosa kabisa, hata Mafabi asijulikane, nipigieni simu. Siku hiyo nitatoa idhini, na mgomba nitaukata kwa mkono wangu.

Mkimkuta hai, huenda atakataa kuja. Ana haki. Msimbembeleze na msimlaumu kwa kukaa kimya. Mwachieni barua hii aisome mwenyewe.

Nisalimie Nafula, na umwambie sitamwomba anijibu. Nisalimie Simiyu, na huyo binti anayemngoja. Avumilie mwezi mmoja zaidi. Nisalimie mke wa mjomba, aliyetupikia sote siku ile ya sherehe, na katekista wetu aliyenifundisha kusoma. Ruth anawasalimu na anaomba mbegu za mrenda kama kuna mtu anayesafiri.

Tiketi niliyokata kwa ajili ya mazishi ya Desemba sikuirudisha. Nitakuja siku ileile. Nikifika Kitale nitapiga simu, uniambie kama pale njia panda ya Kamukuywa ninyooshe hadi Matulo au nikate kona kwenda Lwakhakha.

Ni mimi kaka yenu,
Barasa