Usimtumie Mama Soseji Tena

Nyumbani kwa Mama,
Chebunyo,
Kaunti ya Bomet.
Jumapili, 15 Juni 2025.

Mpendwa ndugu yangu Kipyegon,

Chamgei. Nakusalimu kwa jina la Bwana, nikitumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na mke wako Celine na mtoto. Kile kikohozi ulichokuwa nacho Machi kimeisha? Na mgongo je? Najua kazi ya kusimama mchana kutwa katika kiwanda cha nyama, ndani ya baridi ya Kanada, si mchezo. Huku mvua imenyesha vizuri. Mahindi yamefika kiunoni, na yule ng'ombe mwekundu amezaa ndama jike. Mimi na watoto tuko salama.

Kuhusu Mama siwezi kuandika kwamba yuko salama. Ndiyo sababu ya barua hii.

Najua umeshangaa kupokea karatasi siku hizi. Nimempa Drusilla, binti wa mwalimu mkuu wetu, ambaye anarudi masomoni huko kwenu Jumatano, nikamwomba akukabidhi mkononi. Ningekupigia, lakini tangu tarehe kumi Mei simu zangu haziingii kwako. Umenifungia, na haya siwezi kuyasema kwa simu ya Mama akinisikiliza. Uliambiwa kwamba namnyima Mama chakula unachomtumia, na mtu yeyote akiambiwa hivyo lazima damu imchemke. Lakini uliambiwa nusu tu. Soma yote kwanza. Ukimaliza, kama bado unataka kunifungia, nifungie.

Ulipoanza Septemba mwaka jana kumwagizia Mama lile boksi kutoka duka la nyama la Bomet mjini, na binamu yetu Zack akawa analileta kwa pikipiki kila baada ya wiki mbili, mimi nilifurahi kuliko wote. Soseji, smoki, bekoni, na zile nyama nyembamba za kuwekwa katikati ya mkate. Tena nakiri hili kabla ya lingine lolote: aliyezikaanga ni mimi. Mimi mwalimu, niliyesoma, nilimkaangia Mama soseji tatu na bekoni kila asubuhi kwa miezi saba, nikiamini kwamba kitu cha duka kilichofungwa vizuri hakiwezi kuwa na ubaya. Niliona tunamlea vizuri. Niliwaringia hata walimu wenzangu.

Unakumbuka Mama ana presha, huu ni mwaka wa tisa. Chumvi tuliiondoa mezani zamani. Mboga zake za sagaa napika kwa maziwa, bila hata punje ya chumvi. Kwa hiyo miguu yake ilipoanza kuvimba Februari, hatukuelewa. Tulisema ni uzee. Alipoanza kulala ameegemea mito mitatu, tulisema ni kifua cha baridi. Dawa zake alikuwa anameza, mimi mwenyewe nikimhesabia vidonge.

Jumapili ya tarehe ishirini na saba Aprili tulitoka kanisani naye. Kutoka barabarani hadi mlangoni ni hatua ngapi, Kipyegon? Wewe ulikuwa unazikimbia. Mama alisimama mara nne. Mara ya nne aliishika nguzo ya ua, akafungua mdomo kama samaki, na hewa haikuingia. Viatu vya kanisani havikutoka miguuni. Nilivikata kwa kisu.

Alilazwa hospitali ya Bomet siku sita. Daktari alisema moyo umechoka kusukuma na maji yamejaa mapafuni. Walimpa dawa ya kuyatoa maji hayo kwa mkojo, akapungua kilo saba. Kila daktari aliyepita aliuliza kama anakula chumvi, na kila mara nilijibu kwa ujasiri kwamba chumvi haimo nyumbani mwetu.

Siku ya nne alikuja bwana mmoja wa lishe anayeitwa Sagini. Hakuuliza habari ya chumvi. Alivuta kiti, akamuuliza Mama, "Asubuhi ukiamka unakula nini?"

Mama aligeuza uso dirishani. Nikajibu mimi, tena kwa majivuno, kwamba ana kijana wake ng'ambo anayemtunza, anakula soseji na bekoni.

Sagini aliweka kalamu chini. Akaniambia, "Mwalimu, chumvi mliyoitoa kwenye sufuria imerudi ndani ya soseji."

Nilitaka ardhi inimeze. Alinieleza bila kunikaripia. Nyama hizi hutiwa chumvi nyingi na dawa ili zisiharibike na zibaki na ule wekundu wake. Ukizila huonji chumvi yote iliyomo. Kwa mtu mwenye moyo uliochoka, chumvi hiyo hushika maji mwilini mpaka anazama akiwa amekaa kitandani. Nikamuuliza, na sisi wengine wazima je? Alisema mtu mzima akila soseji siku ya sherehe hatakufa, lakini si chakula cha kila siku cha mtu yeyote, mkubwa wala mtoto. Wanaozila kila siku mwaka baada ya mwaka huongeza hatari ya kupata saratani ya utumbo. Kwa Mama alisema neno moja: hapana.

Siku tuliyoruhusiwa kwenda nyumbani, Mama alinishika mkono ndani ya gari akaniapisha. "Usimwambie Kipyegon kwamba nililazwa. Atajilaumu." Nikakubali. Hilo ndilo kosa langu la pili.

Kwa hiyo Zack alipofika na boksi tarehe kumi Mei, nilimrudishia langoni. Nilimwambia tu kwamba daktari amekataza. Naye akakupigia papo hapo. Ulivyonijia juu kwenye simu sitasahau. Ulisema, "Huku watu wanakula hizi kila siku na wanafika miaka tisini. Wewe unataka Mama ale majani kama mbuzi ili roho yako itulie?" Ulisema pia kwamba nina wivu kwa sababu nyumba ya Mama inasimama kwa jasho lako. Nilikuwa na jibu mdomoni, jibu la siku sita za hospitali, lakini Mama alikuwa ameketi mbele yangu akinitazama, akitikisa kichwa. Nikanyamaza. Ukakata.

Ningetaka hadithi iishie hapo.

Jumatano tarehe nne mwezi huu, saa tano asubuhi, nilikuwa darasa la sita nikifundisha. Jirani yetu Bilhah, yule mwenye kibanda cha soda, alikuja mbio mpaka dirishani, kitambaa kimemtoka kichwani. Alisema, "Mwalimu, kuja. Mama hawezi hata kukohoa."

Nilimkuta ameketi chini jikoni kwa Bilhah, ameshikilia ukingo wa meza, midomo imekuwa ya samawati. Povu la rangi ya waridi lilikuwa limetoka mdomoni. Juu ya jiko kulikuwa na kikaango, na ndani yake soseji mbili.

Ndiyo, Kipyegon. Nilipokataa boksi, Mama alimwomba Zack awe analipeleka kwa Bilhah, kwa sababu Bilhah ana friji. Kila asubuhi nikishaenda shuleni, alikuwa anachukua fimbo yake anaenda kula huko. Bilhah alilia njia nzima ndani ya gari tulilokodi. Alisema, "Aliniambia wewe una uchoyo. Mimi nilidhani namsaidia mama mzee." Simlaumu. Hata mimi nilikuwa Bilhah kwa miezi saba.

Safari hii walimwekea oksijeni siku tatu. Sikujua kama tungerudi naye.

Alipoanza kuongea, mimi nilikuwa nimejaa hasira, na hasira yangu haikuchagua mahali. Katika mkoba wake nilikuta karatasi za soseji, zimeoshwa, zimekunjwa vizuri kama vitambaa. Nilijua kwa nini. Kila ulipompigia alikuwa anakuuliza, "Hii ya leo umeikata wewe?" nawe ulikuwa unacheka na kumjibu, "Ni mimi, Mama." Nilikuwa nasikia, nikiona ni utani wenu. Lakini pale hospitalini nilimwekea karatasi mbele ya macho nikamwambia, "Soma hapa. Imetengenezwa Nairobi. Kipyegon hajawahi kuigusa. Unajiua kwa ajili ya nyama ambayo mtoto wako hajaiona!"

Mgonjwa wa kitanda cha pili alikohoa akageukia ukutani. Niliona haya, lakini maneno yalikuwa yameshatoka.

Mama hakulia. Alisema, "Nilijua."

"Ulijua nini?"

"Ulinifundisha kusoma wewe mwenyewe, Chepkemboi. Nairobi siwezi kuisoma?"

Nikamuuliza kwa nini basi alizila, tena kwa kujificha. Alinijibu polepole, mrija ukiwa puani, na nakuandikia alivyosema bila kuongeza langu. "Tangu tumzike baba yenu, Kipyegon alikuwa hapigi simu ila mara chache. Hakuweza kuja mazishini kwa sababu ya makaratasi yake, akaona aibu. Akipiga ananisalimu, ananyamaza, anakata. Nyama ilipoanza kuja, akapata kitu cha kuniuliza. Anacheka. Nikisema sili tena, ataniuliza nini?"

Nilitoka nje nikasimama kwenye veranda mpaka muuguzi akaniletea kiti.

Ndugu yangu, hakuna mtu katika nyumba hii aliyekulaumu kwa mazishi ya Baba. Hakuna. Wazee walielewa, mimi nilielewa, na Mama alielewa kabla yetu sote. Kama hilo ndilo lililokuwa likikufunga ulimi, lifungue leo.

Zack alikuja hospitalini. Alikaa chini kabisa sakafuni, helmeti mapajani, akasema hakujua kwamba Mama ni mgonjwa kiasi hicho, alidhani ni ugomvi wetu wa dada na kaka. Ameahidi hataleta boksi lingine hata ukimwagiza. Usimkasirikie. Nimemwomba mimi.

Nelvine wangu, aliye mwaka wa pili chuoni Kabianga, naye nimemkalia ngumu. Chakula chake cha mchana kilikuwa smoki mbili na kachumbari pale getini, kila siku ya Mungu. Alinijibu kwamba wanafunzi wote wanakula hivyo. Nilimpeleka wodini akamwona nyanya yake na ule mrija. Sasa ananitumia picha za maharagwe na githeri, nadhani nusu ni za kuniridhisha tu, lakini nazipokea.

Mama tulirudi naye nyumbani Jumatano iliyopita. Anakula kimyet kidogo, ugali wetu ule, mboga, kuku wa kuchemsha nikimpata, na matunda. Miguu imepungua. Lakini jana alimuuliza Bilhah kama Zack amepita. Mimi akinisikia anaitikia "ndiyo, mwalimu" kama mtoto wa darasa la kwanza, na najua maana ya "ndiyo" hiyo. Atanikubalia mchana na kunizunguka kesho yake. Mtu mmoja tu anaweza kumwambia aache na akaacha, naye ni wewe, kitinda mimba wake.

Kwa hiyo nakuomba, tena si kwa upole. Ukimaliza kusoma barua hii, mpigie. Mwambie kwa kinywa chako kwamba hutaki ale nyama hizo tena, hata kipande. Mwambie unajua alilazwa, na kwamba hujakasirika. Halafu usikate. Muulize jinsi alivyoletwa hapa kuolewa kutoka Sotik kwa miguu. Muulize alikuzaa wapi, maana nimesikia si hospitali. Ana mambo mengi ya kukuambia. Ni vile tu amezoea kusubiri uanze wewe.

Kuna neno moja lililobaki, na sijamwambia yeye wala Zack. Siku ya kutoka, daktari aliniita pembeni. Alisema moyo wa Mama sasa unafanya kazi chini ya nusu, na kwamba akifuata masharti anaweza kukaa nasi muda, lakini asingependa kutaja mwaka. Nilimuuliza kama kaka yangu aje Desemba, ulivyokuwa umepanga. Aliuliza, "Kwani Agosti hawezi?"

Sasa makaratasi yako yamekamilika, ulituambia mwenyewe. Basi, ndugu yangu, usingoje Desemba.

Nisalimie sana Celine, na umbusu mtoto kwa niaba ya nyanya yake. Shangazi Rebeccah wa Sigowet anakusalimu na anakuombea. Nelvine anakusalimu. Bilhah naye anakusalimu akiomba umsamehe.

Mungu akukinge na baridi ya huko, aibariki mikono yako kazini, na akufungulie njia ya kuja nyumbani ukiwa na mtu wa kukufungulia mlango.

Ni mimi dada yako ninayekupenda, hata siku uliponifungia simu,

Chepkemboi.