Nyumba Tisa, Sufuria Moja

Mshauri wangu mpendwa, nisaidie kabla ya Alhamisi, maana tangu juzi hata tundu la sindano silioni, mimi ni fundi cherehani, nina kisima cha pampu uani, mwanzo nilivuta bomba kwa mama mkwe hapo jirani, jirani wa pili akaomba, wa tatu nikaona haya kumnyima, leo nyumba tisa zinakunywa kwangu bure kabisa, basi akaja afisa wa mamlaka ya maji na kitabu chake, akanisomea kwamba anayepeleka maji kwa bomba nje ya kaya yake, alipwe asilipwe, kisheria ni mtoa huduma na lazima awe na leseni, nikamwambia, "Hawa wote ni kaya yangu," naye akafungua ukurasa mwingine, kaya ni watu wanaokula chungu kimoja, akaniuliza, "Mnapika pamoja?" Nikajibu ndiyo. Nikatia na sahihi!

Atarudi Alhamisi mchana kuhakikisha. Mama mkwe ameshaazima sufuria kubwa, majirani wamegawana kuni na vitunguu, fundi viatu wa nyumba ya tano anajizoeza kuniita dada, na wote wananiambia, "Usituangushe." Naogopa kufungwa, naogopa zaidi kuwakatia maji. Je, niwashe moto?

Fundi Roho Juu

Fundi, weka kiberiti chini. Nimecheka, nisikufiche, kisha nikakasirika. Una moyo mzuri, na hofu yako naielewa, lakini kusaini uongo halafu kuupikia chakula ni kujitafutia kesi kwa bidii. Na huyo fundi viatu akiulizwa jina la baba yenu atasemaje?

Usingoje Alhamisi. Nenda ofisini kwao, sema, "Niliogopa, nikadanganya, naomba kufuta maelezo yangu." Omba fomu ya watoa huduma wadogo, na uombe majirani wasikatiwe wakati ombi linashughulikiwa. Nenda na mama mkwe, anaonekana mtu wa kazi.

Sasa linalonikosesha raha mimi. Barua yako yote ni chungu, kuni na vitunguu. Sheria inakuita mtoa huduma kwa sababu kisima chako kikichafuka zinaumwa nyumba tisa. Maji hayo yalipimwa lini? Hukusema hata neno. Kesho asubuhi, kabla hujagusa cherehani, jaza chupa safi uipeleke maabara. Mpaka majibu yatoke, wote mchemshe maji ya kunywa. Sufuria mnayo.