Majani ya Njia Panda

Kilwa Masoko
5 Juni 2023

Mama mkwe,

Shikamoo. Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, goti limepoa, na wale kuku waliobakizwa na kideri bado wanadonoa. Sisi huku tunamshukuru Mungu. Mafriji yanaharibika kila siku na wenye samaki hawawezi kukaa bila barafu, kwa hiyo kazi ipo.

Simu ningepiga, lakini najua ukiona namba yangu unampa jirani yako Bi Tawakali asikilize kwa niaba yako, na haya si ya kusikilizwa na Bi Tawakali. Mimi ni mtu wa Singida, lakini nimeshaelewa kwamba kwenu mama mkwe na mkwewe hawakai pamoja wala hawasemezani mpaka mjukuu wa kwanza azaliwe. Sina ugomvi na hilo. Ndiyo maana nimeshika kalamu.

Mama, Salome amepona mwili tu. Kidonda cha upasuaji kimefunga vizuri, daktari mwenyewe ameridhika. Ila tangu tumzike mtoto wetu mchanga mwezi wa pili, mke wangu hayupo. Anapika, anafua, kwenye sala za jumuiya anakwenda. Hajalia hata siku moja. Ukimuuliza lolote anajibu "sawa tu." Nimemuuliza tuhamie Lindi, sawa tu. Nikamuuliza kwa utani tununue beberu tumfuge chumbani, sawa tu, na hakucheka. Naogopa, Mama. Naogopa kwamba mtu anaweza kuondoka hivihivi akiwa anakusongea ugali.

Juzi alikuwa anakunja nguo, akasema bila kuulizwa: "Wakati huu maji ya maporomoko kule kwetu yanakuwa meupe." Halafu akaendelea kukunja. Ndilo neno la kwanza kutoka kwake mwenyewe kwa miezi yote hii, nami nimeling'ang'ania.

Nataka nimpeleke. Je, njia ya huko ni ya namna gani? Mtu aliyepasuliwa tumbo anaiweza? Tunaweza kwenda na kurudi kabla ya giza? Nijibu, hata kama jibu ni kunigombeza.

Mkweo,
Dominick


Kipatimu
11 Juni 2023

Mkwe wangu,

Marahaba. Milele amina. Barua yako ameniletea Kondo wa bodaboda, imenuka petroli lakini imesomeka. Goti halijapoa, ila tumezoeana. Kuku wapo. Natumaini nawe hujambo, na unakula, maana siku ya mazishi nilikuona kwa mbali umekonda shingo.

Umeomba kugombezwa, basi nianze na hilo. Mwezi wa pili nilitaka umlete mwanangu hapa nimtunze kama mama anavyomtunza mzazi. Ukatuma neno kwamba hospitali iko karibu na huko. Nilikasirika. Niliporudi kutoka mazishini nililima shamba zima la mbaazi kwa hasira, tena kabla ya wakati. Bado nimekasirika kidogo, lakini mwanamume anayeandika kwamba anaogopa siwezi kumgombeza sana. Yamekwisha.

Njia si ngumu. Wazee wenzangu wanaipita wakienda kutafuta uyoga. Mnaanzia hapa kwangu, mnapita mikorosho ya marehemu baba yake, kisha mnaingia msituni. Kupanda ni hapo mwanzo tu. Baada ya hapo ni kivuli na kuteremka polepole, na maji mtayasikia kabla ya kuyaona. Mkiondoka umande ukikauka, mtafika jua halijawa kali. Atachovya miguu, atakula, atalala kidogo kwenye mawe kama alivyokuwa akifanya utotoni, na mtarudi kuku hawajapanda kulala. Avae viatu vya kufunga. Usiniletee mtu msituni na ndala. Wewe beba maji ya kunywa na kanga za kubadilisha. Kuku na mihogo ni juu yangu.

Na mimi nakwenda, usijaribu kunizuia. Ila kile ni kinjia cha mtu mmoja mmoja, na mimi siwezi kuandamana na mkwe, iwe mbele yako au nyuma yako. Kwa hiyo nitatangulia alfajiri. Humo msituni njia zinaachana na kukutana tena, nyingine za wachana mbao, nyingine za warina asali. Kila njia panda nitaweka majani, basi hamtapotea. Mkifika nitakuwa upande wangu, nyuma ya jiwe kubwa. Salome atakuja kwangu, na chakula chako utaletewa.

Mlete. Hata kama atasema sawa tu, mlete.

Mkweo,
Mama Salome


Kilwa Masoko
17 Juni 2023

Mama mkwe,

Shikamoo. Nashukuru kusikia goti na wewe mnaelewana. Sisi hatujambo.

Tunakuja Ijumaa, tutalala kwako, mimi kwenye kibanda cha uani, na safari ni Jumamosi. Viatu vya kufunga nimenunua. Nilivifunga mimi mwenyewe miguuni mwake, naye akavitazama kama viatu vya mtu mwingine. Nilipomweleza tunakwenda maporomokoni akasema sawa tu, halafu akauliza kama utakuwepo. Nikasema utakuwepo. Usiku huo alilala bila kugeukageuka.

Mafundi wenzangu wananicheka. Huseni ananiuliza mtu mzima anatembeaje msituni kwenda kutazama maji wakati bahari ipo mlangoni. Nimemwambia anishikie kazi Jumamosi.

Mama, nina hofu moja tu. Nisije nikamchosha mtoto wa watu nikakurudishia mgonjwa. Tutakwenda mwendo wa kinyonga. Nitafuata majani yako kwa uangalifu sana.

Mkweo,
Dominick


Kilwa Masoko
4 Julai 2023

Mama mkwe,

Shikamoo. Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini mko wazima. Nasema natumaini kwa sababu sijui. Simu ya Salome aliisahau huku, iko mezani inanitazama. Nikimpigia Bi Tawakali anasema "wanaendelea vizuri," kisha anakata. Kutoka kwako sijapata hata mstari. Najua kwa nini, na sipati usingizi, kwa hiyo acha nieleze yote.

Mimi sikuyadharau majani yako.

Ile asubuhi tulitoka vizuri. Salome alikuwa nyuma yangu, anatazama bila kuona, hasemi. Tukafika njia panda ya kwanza nikaona tawi la mkorosho limelazwa kwenye kinjia cha kushoto. Mama, mimi nimekulia kando ya barabara kuu, baba yangu alikuwa dereva wa lori. Sisi majani njiani tunajua maana yake moja tu: kuna gari bovu mbele, punguza mwendo, pita kwa uangalifu. Nikajisemea, tazama huyu mama anavyompenda mwanawe, anatuonya kwamba hapa pana mteremko. Nikamuuliza Salome, "Tupite huku?" Akasema sawa tu. Basi nikamshika mkono, tukayavuka majani taratibu.

Kinjia kikazunguka kikaturudisha kwenye njia kubwa. Njia panda ya pili, hivyohivyo. Ya tatu, hivyohivyo, na hapo nilikuwa nakusifu kwa sauti. Kila ulipofunga njia, mimi nikaingia.

Njia ikaisha kwenye shimo la wachana mbao, la zamani, limejaa magugu. Hakuna maji, hata sauti ya maji hakuna. Salome akakaa juu ya gogo. Nikamwambia lazima tupo karibu, kwa sababu mama ameweka majani mengi. Akainua kichwa. Akaniuliza, "Majani yapi?" Nikamwambia yale tuliyoyavuka. Mama, hapo mwanao alisimama. Akaniuliza kama nina akili timamu. Akasema hata mtoto wa chekechea wa kijiji chao anajua kwamba njia yenye majani imefungwa, na kwamba mkwe akivuka majani aliyoyaweka mama mkwe ni kama amemwambia usoni, njia yako siitaki. Aliniita majina ambayo siwezi kuyaandika kwenye barua ya mtu mzima. Nilikuwa nimepotea msituni na mke mgonjwa, lakini sijui nikueleze vipi furaha niliyokuwa nayo.

Halafu ukatokea wewe. Uliita jina langu, mara moja, ukajifunika kanga usoni, ukamshika Salome mkono mkatangulia. Maporomoko niliyaona, meupe kama alivyosema. Nilikaa upande wangu, paja la kuku nimelishika mpaka likapoa. Jioni Bi Tawakali akaniletea neno: Salome anabaki.

Nimerudi peke yangu. Kama umemzuia kwa sababu ya yale majani, basi adhabu ni yangu na nitaipokea. Lakini niambie kama anaendelea kusema. Hata kama ni kunitukana, niambie.

Mkweo,
Dominick


Kipatimu
9 Julai 2023

Dominick mwanangu,

Marahaba. Milele amina. Tu wazima, wazima kabisa, na hilo nalitanguliza ili ukae chini usome polepole.

Barua yako nimeisoma uani, nikacheka mpaka Bi Tawakali akatoka nyumbani kwake na mwiko mkononi. Gari bovu! Kilima chote hiki hakijawahi kuona gari, mwanangu. Mlipochelewa nilirudi kwa njia ya mkato mpaka mikoroshoni, nikaanza kuwafuatilia. Nilipoziona nyayo zako zimevuka majani nilidhani umefanya makusudi, ndiyo, kwa muda wa kutoka njia panda ya kwanza hadi ya pili. Ya tatu ilipofika hasira iliniisha nikabaki na woga tu. Hakuna mtu anayemdharau mkwewe mara tatu na mgonjwa mkononi. Nikajua umepotea. Ndipo nikaanza kukimbia, na goti hili hili.

Nikafika karibu na lile shimo nikasikia sauti. Nilidhani ni ya mwanamke mwingine. Ilikuwa kali, inapanda na kushuka, inamwaga maneno ya Kiswahili na Kimatumbi kwa pamoja. Salome. Nilisimama nyuma ya mti, sikutoka mara moja. Nilikushuhudia unatukanwa, umesimama na begi la kanga kifuani, unatabasamu kama mpumbavu, na machozi yanakushuka. Nami yangu yakashuka. Nilimwambia Mungu asante palepale, kwa sauti ndogo ili nisiwakatize.

Nilipotoka nikakuita kwa jina lako. Mama gani anamwita mkwewe jina? Ndiyo maana nikajifunika, na ndiyo maana nikanyamaza mpaka leo. Sikukasirika. Niliona aibu, na aibu ya mtu wa umri wangu inachukua muda kushuka.

Salome nilimbakisha nimkande. Kila usiku nachemsha maji, namkanda tumbo na mgongo, nampikia uji wa pilipili manga, namfunga tumbo kwa kanga. Hakuna aliyemfanyia hayo mwezi wa pili, kwa sababu kila mtu aliona hakuna mtoto wa kunyonyesha. Lakini mwanamke aliyezaa ni mzazi, mtoto awepo asiwepo. Usiku wa kwanza nilipomgusa tumbo alilia. Alilia mpaka maji yakapoa, nikachemsha mengine. Usishtuke ukisikia kwamba analia. Kilichotutisha wote ni kwamba alikuwa halii.

Sasa anakula. Jana aligombana nami juu ya chumvi. Leo nimemuuliza kama atapenda kukaa hapa mpaka msimu wa korosho, akanitazama akasema, "Hapana, mama. Nataka kwangu." Hapana, Dominick. Nimeisikia kwa masikio yangu.

Njoo umchukue Jumamosi. Na ukifika usisimame uani ukikohoa mpaka mtu akutokee. Nimelifikiria jambo letu. Wazee walisema mama mkwe na mkwewe wakae mbalimbali mpaka mjukuu wa kwanza azaliwe. Mjukuu wangu alizaliwa. Nilimpokea mikononi kabla hamjamzika, alikuwa na masikio yako. Kwa hiyo hakuna tena tunachokisubiri, mimi na wewe. Pita ndani, tutakula pamoja.

Mama yako,
Brigita